Sahihi ya Bibi na Fomu ya Kurasa Kumi na Nne

Nyumba ya ghorofa nne, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino limeshang'olewa na sasa unatafuna upande wowote upendao. Habari za kazi hotelini, na yule msimamizi wenu anayehesabu foronya kila jioni kana kwamba ni mbuzi wake? Habari za mumeo na mapacha? Nasikia walibadilishana madarasa wiki nzima na mwalimu hakujua. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo. Yeye anasema ni vumbi la karakana, Mama anasema ni ubishi. Bibi yuko salama. Nalirudia hili ili tuelewane: Bibi, yaani mama yako mzazi, yuko salama, anakula, anasema, na leo asubuhi amenituma dukani mara tatu kwa vitu vitatu ambavyo angeweza kuvitaja vyote kwa mara moja.

Nasisitiza kwa sababu najua Bi Redio alikupigia simu. Yule jirani wa ghorofa ya juu hakupewa jina hilo bure. Najua alikuambia kwamba mama yako anafanyiwa majaribio hospitalini kama panya, na kwamba mjukuu wake ndiye aliyempeleka. Ujumbe wako wa kuulizia tiketi ya ndege tumeupata, na Baba aliusoma amesimama. Tafadhali usiombe ruhusa kazini mpaka umalize kusoma. Ningekueleza kwa simu, ila kila nikipiga, Bibi huja kuketi karibu yangu na kunisahihisha.

Nianzie mwanzo. Unakumbuka nilikuambia naomba nafasi ya mafunzo ya utafiti wakati wa likizo ndefu? Hospitali ya chuo hupokea wanachuo wanne ambao hawajamaliza shahada ya kwanza, wanaokaa wiki nane katika ofisi ya kamati ya maadili ya utafiti. Kamati hiyo husoma kila utafiti wa tiba kabla haujaanza, na kuangalia kama wagonjwa wanaoombwa kushiriki wanaambiwa ukweli, wanalindwa, na wanaweza kukataa bila kununiwa. Niliomba bila matumaini, nikapata. Nilirukaruka jikoni mpaka nikavunja kile kikombe chako chenye mpini wa dhahabu. Samahani, nilikuwa sijakuambia.

Neno "maadili" ndilo lililonitesa. Mama alitangaza ngazi nzima kwamba binti yake amechaguliwa na hospitali kusomea adabu. Wiki ya kwanza, mwenye duka la vitambaa aliniletea binti yake niongee naye kuhusu sketi. Fundi wa friji akaniomba nimkanye shemeji yake anayekopa viatu. Nikajaribu kueleza kwamba sisi tunasoma fomu za watafiti. Fundi akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza basi nitakuja lini kumwona shemeji.

Ofisi yenyewe iko chini kabisa, kati ya stoo ya magongo na chumba cha mashine ya kufulia. Ukuta hutetemeka kila mashuka yanapokamuliwa, na chai yangu hutembea yenyewe mezani. Msimamizi wetu ni daktari mmoja mama, mfupi, miwani kwenye kamba, ambaye sisi wanafunzi tulimpa jina la Mama Kwa Nini siku ya kwanza kabla ya saa nne. Ukimwambia printa imekwama atakuuliza kwa nini. Ukimwambia hujui atakuuliza kwa nini hujui. Mwenzangu mmoja anasomea sheria, tunamwita Wakili, alijaribu kumjibu kwa kifungu cha sheria. Aliulizwa kwa nini mara saba, na tangu hapo huongea taratibu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mgonjwa hutia sahihi kukubali kuingia katika utafiti. Ilikuwa ya utafiti wa kidonge kipya cha maumivu ya magoti, wa profesa mmoja mkubwa hapa hospitalini. Kurasa kumi na nne, maandishi madogo kama chawa. Mama Kwa Nini alisema kamati ilikwishaipitisha mwaka jana, lakini hakupendezwa nayo, na akataka nipigie mstari kila neno ambalo ningelazimika kumfafanulia bibi yangu. Nilipiga mistari mia moja na tisa. Wino wa kalamu nyekundu uliisha ukurasa wa kumi.

Baada ya hapo tulitumwa kuketi kwenye mabenchi ya kliniki na kuwauliza watu waliotia sahihi fomu mbalimbali walikubali nini hasa. Shangazi, nilicheka kisha nikaacha kucheka. Mzee mmoja alidhani ametia sahihi ili apewe kitanda cha karibu na dirisha. Mama mmoja alidhani ameahidi kutolalamika daktari akichelewa. Kijana mmoja alisema yeye hutia sahihi chochote akiwa hospitalini, kwa sababu kule hata karatasi zinavaa makoti meupe.

Wakati wote huo, Bibi alikuwa akienda kliniki kila Alhamisi. Tulijua anakwenda kwa ajili ya magoti. Alivaa lile gauni la maua makubwa, akabeba mkoba, akarudi saa sita akiwa na uso wa mtu aliyetoka kutembelewa na wageni wa heshima. Ukimwuliza walisemaje, alijibu kwamba wamesema vizuri. Tukaridhika. Nyumba yetu unaijua, kila mtu ana haraka zake.

Jumamosi moja asubuhi, wiki yangu ya tano, nilikuwa nakaanga mayai. Bi Redio akateremka ngazi bila kushika ukuta. Aliingia, akajizungusha katikati ya jikoni, akatangaza kwamba magoti yake yamerudi miaka thelathini nyuma, na kwamba anamshukuru Mungu kisha anamshukuru Bibi kwa vile vidonge. Nikauliza vidonge gani. Bibi akamkazia jicho Bi Redio. Bi Redio akakumbuka kwamba ameacha maziwa jikoni kwake, akapanda ngazi kwa kasi ambayo kwa kweli sijaiona kwake tangu nizaliwe.

Nilivikuta vidonge hivyo kwenye kopo la biskuti, nyuma ya masufuria. Kichupa cheupe, kibandiko chenye namba, na maneno "kwa matumizi ya utafiti tu". Ile namba ya utafiti niliijua kama namba yangu ya kitambulisho, maana nilikuwa nimeishi nayo wiki tano. Ulikuwa utafiti wa Profesa wa Magoti. Mayai yaliungua. Bibi alikuwa ametia sahihi fomu yangu, Shangazi, ile ile ya mistari mia moja na tisa.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akaniangalia kwa kunihurumia. Alisema yule kijana aliyemsomea fomu alimwambia wazi kwamba taarifa zake zote ni siri, na hapo ndipo alipoweka sahihi, kwa hiyo yeye ametunza siri ya hospitali miezi miwili bila kuteleza hata siku moja. Alikuwa anajivunia kabisa. Nikamweleza kwamba maana yake ni hospitali imtunzie siri zake yeye. Akasema basi wangesema hivyo.

Kuhusu kumgawia Bi Redio, hakuona tatizo lolote. Kila asubuhi wakinywa chai alimeza kimoja na kumpa mwenzake kimoja, kwa sababu yeye hakulelewa kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Nilimwambia aache mara moja. Akasema ataacha. Alisema hivyo huku akifuta meza, na wewe unajua ahadi za Bibi akiwa anafuta meza zina uzito gani.

Hapo nilikaa njia panda siku mbili nzima. Nikimripoti, nilidhani Bibi atafukuzwa kliniki, Profesa ataaibika, na nitakuwa mwanafunzi aliyemshtaki bibi yake kwa daktari. Barua ya mapendekezo niliyoihitaji kwa ajili ya masomo ya mbele ilikuwa itoke ofisi hiyo hiyo. Nikinyamaza, kidonge ambacho bado kinachunguzwa kiko tumboni mwa Bi Redio, mama wa miaka sabini na mmoja ambaye tayari ana dawa zake za presha. Nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya uaminifu katika utafiti, nikapata alama nzuri. Shangazi, kwenye insha hamna Bibi.

Jumatatu nikiwa najiandaa kutoka, nilisikia kishindo kwenye ngazi. Bi Redio alikuwa ameketi kwenye kona ya pili, amejishika kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliniambia baadaye kwamba ameamka na hamu ya kwenda kununua viatu, akameza viwili badala ya kimoja, vya akiba alivyopewa na Bibi, na hakuwa amekula kitu. Baba aliacha karakana akatupeleka kwa gari la mteja wake. Njiani Bibi alimshika rafiki yake mkono na hakumwachia mpaka mlangoni.

Kwa muuguzi wa mapokezi nilisema kila kitu, na jina la utafiti, na namba ya kichupa. Kisha nikashuka chini, nikasimama mbele ya meza ya Mama Kwa Nini, nikasema tena. Aliniuliza kwa nini Bibi aligawa vidonge. Nikajibu. Akauliza kwa nini sikuja Jumamosi, maana simu yake ninayo. Nikasema niliogopa. Akauliza kwa nini niliogopa, nikaanza kulia juu ya faili la watu.

Alinisubiri nimalize. Akanipa karatasi ya kufutia mikono, ile ngumu ya chooni, akaniambia niandike nilichokiona, niweke sahihi, kisha nisiguse tena shauri hilo, kwa kuwa mhusika ni bibi yangu na jicho langu haliwezi kuwa sawa. Aliniambia siku mbili nilizochelewa ataziandika pia, kwa sababu zilikuwa siku mbili. Na akaziandika.

Bi Redio alilazwa mpaka saa kumi. Presha yake ilikuwa imeshuka kwa kumeza viwili juu ya dawa zake, tena tumbo tupu. Daktari alisema angeendelea hivyo angeweza kuanguka vibaya. Wakampa maji na chakula, ikapanda. Saa tisa alikuwa tayari anajua majina ya wagonjwa wote wa chumba kile, na nadhani ni kitandani hapo alipoanza kuitunga ile habari aliyokupigia simu.

Kamati ilikutana Jumatano, na Mama Kwa Nini akamwalika Bibi aje kueleza mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kuingia kama mjukuu wa kumshika mkono, si kama mwanafunzi, na niliagizwa nifunge mdomo. Watu tisa kwenye meza ndefu. Profesa wa Magoti alikuwa upande mmoja, mrefu, mpole, tai imekaza. Nilidhani Bibi atatishika. Alivuta kiti, akaweka mkoba mapajani, akawasalimia mmoja mmoja, akamwuliza mwenyekiti kama amelala vizuri.

Profesa alisema kwa upole kwamba fomu ilikataza kugawa, ukurasa wa kumi na moja, na akausoma: "Bidhaa ya uchunguzi haitahaulishwa kwa mhusika asiyesajiliwa."

Bibi akamwomba aseme kwa Kiswahili.

"Hicho ni Kiswahili, mama yangu," Profesa akasema.

"Basi kiseme kama unaongea na mtu."

Profesa aliusoma tena ule mstari, safari hii moyoni, na nikamwona anakunja uso kama aliyeng'ata changarawe. Alikiri kwamba tafsiri alimpa mtu aifanye kwa siku mbili na yeye akaipitisha bila kuisoma yote. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimpende. Alitoa kalamu, akamwuliza Bibi yeye angesemaje.

Bibi alifikiri. Akasema, "Vidonge hivi ni vyako peke yako. Usimpe mtu mwingine, hata akikuomba, hata kama ni rafiki yako wa miaka arobaini. Vinaweza kumdhuru." Alipofika hapo akafungua mkoba akijifanya anatafuta kitu. Profesa aliandika neno kwa neno.

Utafiti ulisimamishwa wiki mbili. Washiriki wote waliitwa na kuulizwa taratibu, bila kutishwa, na Bibi alipata faraja kubwa kusikia kwamba hakuwa peke yake. Sita walikuwa wakigawana na waume au wake zao. Mmoja alikuwa akimpa mbwa wake mzee anayechechemea. Profesa aliuliza kama mbwa alipata nafuu, Mama Kwa Nini akamtazama juu ya miwani, naye Profesa akasema anauliza tu.

Mimi na Wakili tulipewa kazi ya kuandika fomu upya. Maneno ya Bibi yamo mwanzoni kabisa. Kurasa kumi na nne zikawa nne. Tuliijaribu kwenye mabenchi kila siku, na kila mtu alipouliza "maana yake nini" tulirudi chini kufuta na kuandika tena. Sehemu iliyotutoa jasho ni ile ya kueleza kwamba nusu ya washiriki wanapewa dawa na nusu wanapewa vidonge visivyo na dawa ndani, ili vilinganishwe, na hakuna ajuaye nani kapata kipi mpaka mwisho. Fomu ya zamani ililificha hilo ndani ya sentensi ndefu kama treni.

Bibi alipolisikia nyumbani aliweka kikombe chini. Aliuliza kama anaweza kuwa amekwenda kliniki miezi miwili na gauni la maua kumeza unga. Nikasema inawezekana. Bi Redio akakataa katakata, akasema vya kichupa kile ni dawa halisi, ushahidi ni magoti yake na lile anguko lake. Bibi akamjibu kwamba presha ilishuka kwa sababu ya njaa na magoti yalipona kwa sababu ya umbea. Hawakuongea mpaka kesho yake saa nne, ambayo kwao ni muda mrefu. Hata sasa hatujui ukweli, na kwa utaratibu hatutakiwi kujua.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya washiriki kuombwa upya. Kwa sababu ya undugu mimi sikuruhusiwa kumsomea Bibi, hivyo alisoma Wakili, na mimi nikaketi kwenye benchi nje ya mlango pamoja na Profesa, ambaye alisema anapita tu lakini alikaa nusu saa. Kupitia mlangoni tulimsikia Bibi akiuliza swali baada ya swali. Kidonge kina madhara gani. Nani ataona jina lake. Akiumia nani atamtibu. Wakili alijibu yote, na nilijivunia kila jibu, kwa maana nusu ya maneno yale niliyaandika mimi. Mwisho Bibi akauliza itakuwaje akikataa. Wakili akamwambia hakuna kitakachobadilika, kliniki ataendelea kutibiwa kama kawaida.

"Kumbe," Bibi akasema. "Basi sitaki."

Wakili alitoka na fomu tupu mkononi, uso wa mtu aliyevunja sahani ya wakweze. Nilitamani sakafu inimeze. Wiki nane za kazi, fomu ya kwanza kabisa, na aliyekataa ni bibi yangu mwenyewe. Mama Kwa Nini akaja kwenye korido, akaichukua karatasi, akaangalia ile nafasi nyeupe ya sahihi. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini. Alimpa Profesa mkono, akanipa na mimi, akasema, "Fomu inafanya kazi."

Profesa alitafakari, kisha akaanza kucheka taratibu, akaingia ndani kumshukuru Bibi. Barua yangu ya mapendekezo aliiandika yeye pia, bila kuombwa. Zile siku mbili zimo, na imeelezwa nilifanya nini baada ya hapo.

Sasa nisikilize, Shangazi, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwuliza Bibi kama ana huzuni. Alisema vidonge havimhusu tena, mazoezi ya miguu aliyopewa yanatosha. Kisha akaniambia kwamba kuna muuguzi wa utafiti aliyekuwa akiketi naye kila Alhamisi, akimwuliza amelalaje, goti gani limeuma, lilimwuma akifanya nini, na akaandika kila alichojibu. "Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiuliza," akasema, akaendelea kutembea.

Nimekaa na neno hilo tangu Ijumaa. Baba ameanza kutembea naye mpaka kona kila jioni kabla ya chakula, na wanagombana njia nzima, na Bibi anarudi anang'aa. Kwa hiyo, ile tiketi iache kwa sasa. Ila Alhamisi asubuhi, saa tatu ya huku, atakuwa amevaa lile gauni na hana pa kwenda. Mpigie. Muulize magoti yake, goti la kushoto kwanza, na usimharakishe.

Nisalimie sana mumeo, wasalimie mapacha na uwaambie warudi madarasani kwao. Baba, Mama na Baba Mdogo wanakusalimu. Bi Redio anasema salamu zake atazifikisha mwenyewe. Mungu akupe afya ya mwili, meno imara, na msimamizi mwenye mambo mengine ya kuhesabu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata baada ya kikombe,

Chiriku